Kipimo cha haiba cha Myers-Briggs

Kipimo cha haiba cha Myers-Briggs (kifupi: MBTI) ni dodoso ambalo mtu hulijibu mwenyewe ili kutambua mwelekeo wa haiba yake. Kutokana na majibu yake, huwekwa katika mojawapo ya aina 16. Kipimo hicho kinajulikana sana duniani, lakini wanasaikolojia wengi wanatilia shaka msingi wake wa kisayansi.

Historia

Kipimo kilitungwa na Wamarekani wawili, Katharine Cook Briggs (1875–1968) na binti yake Isabel Briggs Myers (1897–1980). Hawakuwa na mafunzo rasmi ya saikolojia. Walianzia kwenye kitabu cha Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, kilichotolewa mwaka 1921 kuhusu aina za watu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanawake wengi wa Marekani waliingia viwandani kushika nafasi za wanaume waliokwenda vitani. Isabel alitaka kuwasaidia kupata kazi zinazowafaa, akaanza kuandaa maswali.

Muundo

Maswali hupima jozi nne. Kila upande una herufi yake, inayotokana na neno la Kiingereza:

- E au I: mtu hupata nguvu kwa kuwa na wenzake, au kwa kukaa peke yake na mawazo yake.
- S au N: huamini zaidi anachokiona na kukigusa, au maana na uwezekano uliofichika.
- T au F: huamua kwa kufuata hoja, au kwa kuangalia hisia na thamani za wahusika.
- J au P: hupenda mambo yapangwe mapema, au kuyaacha yabadilike kadiri ya hali.

Herufi nne zikiunganishwa hutoa aina, kwa mfano ISTJ au ENFP.

Ukosoaji

Lawama kuu ni kwamba kipimo hugawa watu makundi mawili, kumbe wengi wako katikati. Ni kama mtihani ambao alama ya kufaulu ni 50: mwenye 49 na mwenye 51 wanatenganishwa, ingawa wanakaribiana kuliko mwenye 51 na mwenye 95. Ndiyo sababu baadhi ya watu wakirudia dodoso baada ya wiki chache hupata herufi tofauti, ingawa tabia yao haijabadilika.

Tena, maelezo ya jumla humfanya kila mtu ajione ndani yake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer wa Marekani aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha haiba, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo “yake”. Kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa maandishi yaleyale.

Watafiti wengi leo hutumia mfumo wa sifa kuu tano, ambamo kila sifa hupimwa kwa kiwango, bila kumweka mtu upande mmoja.

Matumizi

Hata hivyo, kujipima kunaweza kuwa mwanzo mzuri wa kujitafakari. Inafaa mtu ajibu jinsi alivyo siku zote, si jinsi anavyotamani kuwa. Kisha aulize ndugu au rafiki anayeishi naye kama maelezo yanamhusu kweli, na arudie baada ya muda.

Muhimu zaidi ni kukumbuka kwamba kipimo kinahusu kile mtu anachopendelea, si kile anachoweza. Wachapishaji wake wenyewe husema kisitumike kuchagua waajiriwa. Mwanafunzi aliyepata herufi I hana sababu ya kuacha ualimu au sheria: mpole anaweza kujifunza kusimama mbele ya darasa, na msemaji anaweza kujifunza kusikiliza.