Nchi Jirani: Mji Hauwezi Kukopa kwa Nyumba Usizozijua



Msafiri atokaye Kyela na kuvuka mto Songwe, akapita Karonga na kuendelea kusini, hufika Mzuzu, mji mkuu wa Kanda ya Kaskazini ya Malawi. Katika sensa ya mwaka 2018 mji huo ulikuwa na watu wapatao 221,000. Si mji mkubwa ukilinganishwa na Blantyre au Lilongwe, lakini shida yake ndiyo shida ya miji midogo yote ya ukanda wetu: watu huongezeka upesi kuliko barabara, nyumba huota upesi kuliko mabomba ya maji, na mitaro huchimbwa baada ya mafuriko badala ya kuchimbwa kabla yake. Fedha zitoke wapi?

Jibu la kwanza ambalo viongozi wengi hulitoa ni serikali kuu. Jibu la pili ni wafadhili. Leo tutazame jibu la tatu, ambalo Mzuzu ililijaribu: ardhi yenyewe. Kiwanja kisicho na barabara kina bei yake. Pitisha barabara ya lami mbele yake, weka maji, taa na kituo cha polisi, na bei hiyo itapanda hata kama mwenye kiwanja hakuweka tofali moja. Thamani hiyo mpya haikuzaliwa na jasho lake. Imezaliwa na fedha za umma. Basi ni haki sehemu yake irudi kwa umma, ili ijenge barabara ya mtaa wa pili.

Njia ya kuirudisha ni kodi ya majengo. Lakini kodi hiyo yahitaji daftari: nyumba ipi, iko wapi, ina thamani gani. Hapo ndipo miji mingi ya Afrika hukwama. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Malawi ya mwaka 1998, kama sheria nyingi zilizofuata desturi ya Kiingereza, iliweka kazi ya uthamini mikononi mwa wathamini waliosajiliwa. Wataalamu hao ni wachache na ujira wao ni mkubwa. Matokeo yake daftari huchakaa. Nyumba za zamani za katikati ya mji hulipa, na majumba mapya ya pembezoni hayamo kabisa katika hesabu.

Kuanzia mwaka 2013 Halmashauri ya Jiji la Mzuzu ilianza kufuata njia nyingine. Watumishi wake walipita nyumba hadi nyumba. Walipima ukubwa wa jengo, wakaandika paa ni la nini, kuta ni za nini, barabara iko umbali gani, maji na umeme vipo au havipo. Kila sifa ilipewa alama, jumla ya alama ikageuzwa kuwa thamani, na kila mwenye nyumba akapelekewa hati ya madai yake. Mwananchi aliweza kuelewa kwa nini jirani yake mwenye ghorofa anadaiwa zaidi yake. Wako waliohoji kama njia hiyo inapatana na sheria, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo makusanyo ya mji yaliongezeka mara kadhaa, na miaka michache baadaye jiji la Freetown, Sierra Leone, lilitumia njia ya jamii hiyo hiyo. Kabla ya hapo daftari la Freetown lilikuwa na majengo yapatayo 57,000. Lilipoandikwa upya mwaka 2020 yalionekana zaidi ya 120,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mji ilikuwa haionekani machoni pa mtoza kodi.

Wapo wanaosema kwamba mji ukishapata daftari zuri, usingoje fedha ziingie kidogo kidogo kila mwaka. Ukope leo, ujenge leo, na deni lilipwe kwa kodi itakayoongezeka kesho. Fikra hiyo si ngeni duniani. Jimbo la California nchini Marekani liliihalalisha katika katiba yake mwaka 1952, na baadaye ikaenea karibu katika majimbo yote ya nchi hiyo. Tuiite kukopa kwa rehani ya nyongeza ya kodi.

Utaratibu wake ni huu. Mji huchora mpaka kuzunguka eneo lililochakaa au ambalo halijaendelezwa. Thamani ya majengo yote ya eneo hilo huandikwa siku hiyo. Hiyo ndiyo thamani ya msingi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ni shilingi bilioni 10, na kodi ni asilimia moja. Eneo hilo basi hutoa shilingi milioni 100 kwa mwaka. Mji hukopa, kwa kawaida kwa kuuza hati fungani, na kujenga barabara, mitaro na mabomba. Baada ya miaka kumi thamani imefika bilioni 25, na kodi milioni 250. Zile milioni 100 za awali huendelea kwenda zilikokuwa zikienda: shule, zimamoto, polisi. Milioni 150 za nyongeza huingia katika akaunti ya pekee na kulipa deni. Deni likiisha, labda baada ya miaka ishirini au zaidi, mpaka hufutwa na kodi yote hurudi katika hazina ya kawaida.

Kwa maneno mengine, hakuna aliyepandishiwa kiwango cha kodi. Kilichopanda ni thamani ya mali. Uzuri wa mpango huo ni kwamba barabara inajilipia yenyewe. Lakini askari ajua kwamba mpango unaopendeza katika ramani haujapimwa bado. Na huu una hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni nyongeza kutokuja. Katika jimbo la Wisconsin kuna mji mdogo uitwao Mount Pleasant, wenye wakazi wapatao 27,000. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn ya Taiwan iliahidi kujenga huko kiwanda cha dola bilioni 10 na kuajiri watu 13,000. Sheria ya Wisconsin husema kwamba thamani ya maeneo ya namna hii isizidi asilimia 12 ya thamani ya mali yote ya mji. Foxconn ilitungiwa sheria ya kuuondoa mpaka huo. Mji ukakopa, ukanunua maelfu ya ekari, ukabomoa makumi ya nyumba za watu, ukajenga barabara na mabomba makubwa ya maji. Kiwanda kile hakikuja. Mwaka 2021 mkataba kati ya kampuni na jimbo uliandikwa upya, ahadi ikashuka hadi ajira 1,454 na dola milioni 672.

Kwa nini mji huo haukuzama? Kwa sababu katika mkataba wake waliandika sharti moja: kuanzia mwaka 2023 Foxconn ilipe kodi kama kwamba mali yake ina thamani ya dola bilioni 1.4, iwe imejenga au haikujenga. Baadaye kampuni ya Microsoft ilinunua sehemu ya ardhi ile, na mwaka 2024 ikatangaza mradi wa dola bilioni 3.3. Lakini waliokuwa wamebomolewa nyumba zao hawakurudi. Mji uliokolewa na kifungu kimoja cha mkataba na kwa bahati. Na bahati haiandikwi katika bajeti.

Hatari ya pili inawagusa polisi moja kwa moja. Eneo linapokua huleta watu, maduka, magari na, kwa bahati mbaya, wezi. Huduma zaidi zahitajika, ila kodi ya nyongeza imefungwa katika akaunti ya deni. Kituo cha polisi huendelea kupata fungu la mji wa zamani huku kikilinda mji mpya. California iliyoanzisha njia hii nayo ilikuja kuifunga: kufikia mwisho, asilimia 12 hivi ya kodi yote ya majengo ya jimbo ilikuwa ikienda katika maeneo hayo, na hazina ya jimbo ikalazimika kufidia shule. Sheria ya mwaka 2011 ilivunja mashirika yaliyoyaendesha, zaidi ya 400, na yakakoma tarehe 1 Februari 2012.

Hatari ya tatu ni upendeleo. Anayejua mapema mpaka utachorwa wapi hununua viwanja kabla ya wenzake. Basi ramani ya mradi ni siri ikiwa mikononi mwa wachache, na ni haki ikibandikwa ukutani kabla ya mnada wa kwanza.

Tuzirudie sasa nchi jirani. Je, miji yetu midogo iko tayari kukopa hivyo? Hebu tupime. Nchini Uganda nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo imesamehewa kodi ya majengo, na kwa hiyo mtaa wa wenye nyumba hauwezi kutoa nyongeza yoyote, hata ukipata lami. Nchini Kenya serikali kuu hailipi kodi hiyo kama raia, bali hutoa mchango badala ya kodi kwa ajili ya ardhi yake, na malimbikizo ya mchango huo yamekuwa chanzo cha mzozo wa miaka mingi. Jambo hilo si dogo kwa mji wenye kambi ya jeshi au gereza: eneo kubwa lenye thamani, linalotumia barabara na mitaro ya mji, lisiloingia katika hesabu ya nyongeza.

Na sisi wenyewe? Mwezi Agosti 2021 Tanzania ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Njia hiyo ilikuwa na sifa ya wepesi. Haikuhitaji mtoza kodi abishe hodi. Lakini kodi ya kiwango kimoja haipandi thamani inapopanda. Barabara ikipita, mwenye nyumba hutajirika, na kodi hubaki ile ile. Pasipo nyongeza hakuna rehani ya nyongeza.

Somo lililoko Mzuzu ni kwamba hatua hazirukwi. Kwanza mji uhesabu nyumba zake. Pili ukubaliane na wakazi jinsi ya kuzithamini, kwa njia ambayo hata fundi seremala anaweza kuikagua. Tatu ukusanye kwa haki, na uonyeshe mtaro uliojengwa kwa fedha hizo. Baada ya hapo ndipo uzungumze na benki, ukiwa na mkataba wenye kifungu kama kile cha Mount Pleasant, na fungu la polisi na shule likiwa limetengwa kabla ya deni.

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mtastaafu na kujenga pembezoni mwa miji hii, kwa kiinua mgongo cha miaka mingi ya utumishi. Mtakaponunua kiwanja, ulizeni bei. Lakini ulizeni pia kama mji unakijua kiwanja hicho, kama kimo katika daftari, na kama barabara inayoahidiwa italipwa na nani. Namba iliyoandikwa mlangoni, ambayo mtoza kodi huisoma, ndiyo hiyo hiyo ambayo gari la polisi hulitafuta usiku mtu apigapo simu kuomba msaada.