Kwa Nini Mama Alirudi Nyumbani Bila Kupimwa Damu?

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo sisi wauguzi hulizungumza tukiwa peke yetu: namna wafanyakazi wa kituo cha afya wanavyoweza kurekebisha kazi yao wenyewe, bila kungojea pesa kutoka juu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kituo ambacho sitakitaja. Mama mjamzito alipofika kliniki alipimwa uzito na presha, kisha akatumwa maabara. Huko aliambiwa, "Mama, rudi kesho." Wengi walitoka mbali na nauli ilikuwa ya siku moja tu. Hawakurudi, nasi tukawaita wazembe. Usiku mmoja mama wa namna hiyo alijifungua kwetu, akavuja damu, na kijitabu chake hakikuwa na kiwango cha damu hata kimoja. Alikimbizwa hospitali kubwa, akapona. Lakini mimi ndiye niliyemwona mara tatu kliniki.

Baadaye tuliketi pamoja: wauguzi, fundi wa maabara, karani wa faili na mama anayefagia. Tulifungua rejista ya kliniki tukahesabu akina mama waliopimwa damu na wasiopimwa. Nafasi tupu zilikuwa nyingi, tukanyamaza. Kisha tukaulizana. Kwa nini hawakupimwa? Maabara hupokea damu mpaka saa sita tu. Kwa nini? Fundi ni mmoja, na mchana husoma vipimo. Basi kwa nini akina mama wafike kwake baada ya saa sita? Hapo mama mfagiaji akasema, "Si nyinyi mnawaketisha asubuhi yote mkiwafundisha?"

Ilikuwa kweli. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wetu.

Hatukubadilisha kila kitu mara moja. Tulichagua siku moja ya kliniki: damu itolewe kwanza, mafunzo yafuate majibu yakingojewa. Siku hiyo chupa mbili zilikosa namba, tukalazimika kuwatoa wenyewe damu tena. Wiki iliyofuata karani aliketi mlangoni pa maabara akiandika namba. Tukahesabu tena katika rejista ileile, na nafasi tupu zikapungua. Hapo ndipo tukaufanya kuwa utaratibu wa kila siku.

Njia hii ya kupanga, kujaribu kidogo, kupima na kurekebisha ilienezwa na Wamarekani Walter Shewhart na W. Edwards Deming, ambao kazi yao ilikuwa viwandani, si hospitalini. Wajapani waliiendeleza sana. Majirani zetu wa Tanzania walianza kuzitumia mbinu za Kijapani katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, wakazipa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. La tano ndilo gumu, kwa maana muuguzi akihamishwa, utaratibu mara nyingi huhama naye. Hapa Kenya, mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2011 unataka kila kituo kiwe na timu ya kuboresha huduma, na kila idara iwe na kikundi chake kidogo. Mara nyingi kikundi hicho huwa cha wakubwa peke yao. Kwetu, asiyeshika sindano ndiye aliyeona tatizo.

Nawe mama unayesikiliza huko Runyenjes, Siakago, Nkubu au Maua, chukua kijitabu chako cha mama na mtoto, ufungue ukurasa wa vipimo. Ikiwa mstari wa damu ni mtupu, muulize muuguzi wako ni kwa nini, tena kwa upole. Akikuambia urudi kesho, mwulize kama kuna saa ambayo ungefika ukahudumiwa siku hiyohiyo. Jibu lake lipeleke pia kwa kamati ya kituo, maana mle mna wawakilishi wa wananchi.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chanjo. Kwaherini.