Lami Mpya, Tochi Nyingi, Tangi Tupu

Aliyesafiri kati ya Kasulu na Kibondo miaka ya 2000 alimjua polisi wa barabarani kama mtu wa bunduki. Askari huyo alipanda basi au alisindikiza msafara, kwa sababu majambazi walikuwa wakiteka magari porini. Msafiri wa leo anakutana na askari wa sare nyeupe aliyejibanza nyuma ya kona, tochi ya kupima mwendo mkononi. Mwenzake yuko mbele na simu, na picha imeshamfikia kwa WhatsApp. Dereva anaonyeshwa: 57, kwenye eneo la 50. Anaandikiwa shilingi 30,000, faini ileile ambayo angeandikiwa kwa 90, kisha anaruhusiwa kuondoka.

Barabara hii ni kama imetengenezwa kwa ajili ya tochi. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwahamisha watu ikawapanga kando ya njia, na vijiji vimefuatana hivyo mpaka leo. Enzi za vumbi mashimo yenyewe yalipunguza mwendo. Sasa lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, mradi wa kilomita 260.6 uliojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imepita katikati ya vijiji hivyo, na kila kimoja kinahitaji kibao cha 50. Kibao sikipingi. Mtoto anayevuka barabara kijijini Makere na dumu la maji anakihitaji kuliko dereva anavyokichukia.

Kilichoporomoka ni doria ya kuzuia majambazi, na chanzo kiko kwenye fedha. Kwa muda mrefu sehemu ya ulinzi wa wilaya hizi ililipiwa na wakimbizi, kwa maana ya wafadhili wao. Mwaka 1998 UNHCR ilikubaliana na serikali kugharimia polisi wapatao 270 wa kambini na maeneo ya jirani, pamoja na magari, redio na mafuta. Mpango wa namna hiyo unadumu kadiri kambi inavyodumu. Kambi ya Mtabila ilifungwa 2012, ya Mtendeli 2021. Majukumu hayakufungwa nazo.

Mzigo uliobaki ni wa Fungu 28, bajeti ya Jeshi la Polisi, ambayo mishahara na posho huimeza kabla ya kitu kingine. Mwananchi anayekwenda kituoni kuripoti wizi anaijua lugha yake: gari lipo, mafuta hakuna. Faini nayo huenda Hazina. Haina njia ya moja kwa moja ya kurudi Kibondo ikiwa dizeli. Basi kwa nini tochi ndiyo ipewe askari wawili mchana kutwa? Nadhani ni kwa sababu makosa yanahesabika na yanasomeka vizuri kwenye taarifa ya mwezi. Ujambazi ambao haukutokea hauna safu kwenye jedwali.

Tena kwa mabasi kazi ya tochi inafanyika mara mbili. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina mfumo wa kufuatilia magari, VTS, unaoonyesha mwendo wa basi hatua kwa hatua, bila mtu kujificha kichakani. Na tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, saa ambazo askari wa tochi huwa ameshakwenda nyumbani. Bunge linapopitisha Fungu 28, mbunge wa Kasulu au Kibondo angeuliza jambo moja tu: kwa mwezi, lita ngapi zinatengwa kwa doria ya usiku katika wilaya yake, na ngapi zinafika.