Baba Aliyeingia Porini: Mtakatifu au Mtoro?



Siku moja, katika somo la dini hapa Lubumbashi, tulikuwa tukiwasimulia wanafunzi wa darasa la juu maisha ya Mtakatifu Niklaus wa Flüe. Huyu alikuwa mkulima wa nchi ya Uswisi, aliyewaacha mkewe na watoto kumi akaenda kukaa peke yake bondeni ili amtumikie Mungu. Tulisimulia kwa furaha, kama wafanyavyo walimu waliozoea hadithi zao. Tulipomaliza, kijana mmoja ambaye kwa desturi husema machache alisimama, akauliza:

"Mwalimu, baba yangu naye alituacha. Aliingia porini kwenye machimbo. Sasa ni mwaka wa tatu, wala hatujui yuko wapi. Mama anauza makaa. Kwa nini yule wa Ulaya anaitwa mtakatifu, na baba yangu watu wanamwita mtoro?"

Darasa zima lilinyamaza. Tukamjibu upesi kwamba Niklaus alikwenda kwa ajili ya Mungu, na baba yake alikwenda kwa ajili ya fedha. Kijana akaketi, lakini tuliona usoni mwake kwamba jibu letu halikumtosha. Jioni, tulipokuwa njiani kurudi nyumbani, tulitambua kwamba halikututosha sisi pia. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa sababu baba yake amekwenda kusali. Na mtu anayekwenda kutafuta fedha ili watoto wake wale, nani atathubutu kusema kwamba nia yake ni mbaya?

Basi swali la kijana ni swali la kweli, nalo ladai jibu la kweli. Je, yafaa mtu aiache jamaa yake akaishi peke yake nyikani?

Tumtazame kwanza Niklaus

Niklaus alizaliwa mwaka 1417. Alikuwa na mashamba na ng'ombe, alipata kuwa askari, tena mwamuzi na mjumbe wa baraza katika nchi yake ya Obwalden. Alimwoa Dorothea Wyss, wakapata watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano. Alikuwa na heshima na mali, wala hakukimbia deni wala aibu.

Lakini moyo wake haukutulia. Muda mrefu alisumbuka, akasali usiku wenzake walipolala, akatafuta shauri kwa padre rafiki yake. Hatimaye, tarehe 16 Oktoba 1467, akiwa na umri wa miaka 50, aliagana na watu wa nyumbani mwake akaondoka. Mtoto wao wa mwisho alikuwa bado hajatimiza miezi minne. Neno hili tusilifiche, kwa sababu ndilo linalotuchoma, nasi tungekuwa waongo tukilipita kimya.

Alikusudia kwenda mbali, nchi ya ugeni, lakini alipofika karibu na mji wa Liestal alirudi. Akakaa katika bonde liitwalo Ranft, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Majirani walimjengea chumba na kanisa dogo. Mwaka 1469 askofu msaidizi wa Konstanz alifika kumpima kama ni mtu wa kweli, akalibariki kanisa lile. Niklaus aliishi hapo karibu miaka 20, hata alipofariki tarehe 21 Machi 1487. Baba Mtakatifu Pio XII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1947.

Mambo manne ya kuyapima

Tukizipima habari hizi polepole, twaona mambo manne.

La kwanza ni ridhaa. Niklaus hakutoroka usiku. Alimweleza mkewe, naye Dorothea akakubali baada ya mashindano makubwa ya moyo. Yasimuliwa kwamba Niklaus mwenyewe alihesabu ridhaa ya mkewe na watoto wake kuwa mojawapo ya neema kuu alizopewa na Mungu. Mtu asiyeomba ridhaa hana cha kushukuru, amechukua tu.

La pili ni riziki. Nyumba ilikuwa imejengwa, shamba lilikuwepo, na mwana wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka 20 hivi, mwenye kuweza kuishika kazi. Hakuna aliyelala na njaa kwa sababu ya sala za Niklaus.

La tatu ni kujulikana alipo. Dorothea angeweza kushuka bondeni akamwona. Watoto walijua njia. Upweke wa Niklaus haukuwa kupotea.

La nne ni matunda. Watu wengi walimwendea kutafuta shauri. Mwaka 1481 wakuu wa Uswisi walikutana katika mji wa Stans, wakagombana hata vita ikakaribia kuzuka kati ya ndugu na ndugu. Padre wa Stans akakimbia usiku mpaka Ranft, akarudi na shauri la Niklaus, nao wakapatana. Mtu aliyeiacha nyumba moja akawa kama baba wa nyumba nyingi.

Hata hivyo hatusemi kwamba jambo lake ni jepesi. Twawaza mara nyingi juu ya Dorothea: je, mwanamke wa zama zile, mwenye mtoto mchanga kifuani, alikuwa na uhuru kiasi gani wa kukataa? Hatuwezi kuingia moyoni mwake. Lakini twajua hili: kama kuna utakatifu katika habari ile, nusu yake ni ya Dorothea. Yeye alibaki na watoto kumi, na ng'ombe, na maneno ya majirani. Nyika yake ilikuwa jikoni.

Neno la Injili na wale wanaolipotosha

Wako watu wanaoshika maneno ya Bwana wetu kwamba afuataye lazima awe tayari kuacha baba na mama, mke na watoto, wakadhani wamepewa ruhusa ya kuondoka. Wasome mbele zaidi. Bwana yuleyule aliwakemea vikali Mafarisayo waliosema kwamba mali yao wamemwekea Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao wazee. Mtume Paulo naye amwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Tena awafundisha Wakorinto waliooana wasitengane, isipokuwa wamepatana, kwa muda, ili wasali, kisha warudiane.

Angalieni maneno matatu: wamepatana, kwa muda, warudiane.

Hata Mtakatifu Antoni wa Misri, anayeitwa baba wa watawa, hakuondoka ovyo. Wazazi wake walipokufa alibaki na dada yake mdogo. Kabla ya kwenda jangwani alimkabidhi dada huyo kwa wanawali waaminifu wamlee. Hakuwa na mke wala mtoto, lakini alijua kwamba ana deni, akalilipa kwanza. Ndivyo alivyokuwa na Mtakatifu Charles de Foucauld, aliyekaa Tamanrasset katika jangwa la Sahara tangu mwaka 1905 mpaka alipouawa tarehe 1 Desemba 1916, na aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2022. Hakuna mke aliyemlilia kwa kuachwa, na huko jangwani hakuwakimbia watu: alijifunza lugha ya Watuareg, akaiandikia kamusi kubwa.

Ndiyo maana Eklezia, mama mwenye hekima, ameweka sheria. Katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 603 yawakubali wakaapweke wanaoweka ahadi zao mbele ya askofu. Lakini kanuni ya 643 yasema kwamba mtu mwenye ndoa, muda wote ndoa yake inapodumu, hapokelewi kwa halali katika unovisi. Wito wa pili haufuti wito wa kwanza. Aliyesema "ndiyo" mbele ya altare amekwisha kuitwa.

Pori letu la Katanga

Sasa turudi kwetu. Sisi watu wa Lubumbashi twajua vizuri nyumba isiyo na baba. Mji huu, uliozaliwa mwaka 1910, ulijengwa kwa mikono ya wanaume waliotoka mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, hata Rwanda na Burundi. Mwanzoni kampuni ya Union Minière iliwachukua wanaume peke yao kwa mapatano ya muda mfupi. Wengi waliugua, wengi walitoroka, wengi walikufa. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ikaanza kuwaandika kwa miaka mitatu, na kuwataka waje pamoja na wake zao. Haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilitaka kazi yake iende vizuri. Lakini hata yeye atafutaye shaba alitambua kwamba mwanaume peke yake ni nusu ya mtu.

Na huko Kolwezi, katika miaka ya 1950, Padre Placide Tempels, Mfransisko, alianza pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao chama cha sala. Hawakukiita kwa jina la mtakatifu wala la nchi ya mbali. Walikiita Jamaa. Wanaume wale hawakumtafuta Mungu kwa kutoka nyumbani, bali kwa kumtazama mke machoni na kusema naye ukweli.

Kisha zikaja siku mbaya. Migodi ya Gécamines ilidhoofika katika miaka ya 1990, mishahara ikakosa miezi mingi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilikuwa imewapa wachimbaji wa mkono nafasi yao. Basi wanaume wakachukua sururu na gunia, wakaingia porini kutafuta shaba na kobalti. Wengine hupeleka fedha nyumbani kila wapatapo. Wengine hupeleka salamu tu. Na wengine hawapeleki chochote, hata neno.

Tusiwaweke wote katika kapu moja. Baba aliyekwenda kwa shauri la nyumba, anayejulikana alipo na kukumbuka watoto wake, huyo hakuiacha jamaa. Ameibeba mgongoni mpaka shimoni. Lakini yule wa mwisho, anayenyamaza, kwa nini ananyamaza? Tumeongea na baadhi yao waliorudi. Jibu lao karibu ni moja. Hawakuwachoka watoto. Walishindwa kuyatazama macho yao siku ya karo. Wazee walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Nao waliogopa kurudi na mkono mtupu. Mwezi ukawa mwaka, na kila mwezi wa kimya uliufanya ule wa pili kuwa mgumu zaidi.

Tena wako wengine ambao pori lao ni la sala. Huaga kazini, hupanda kilimani siku arobaini pasipo kumwambia mke, na wakirudi hukuta sufuria tupu na mtoto mgonjwa. Hawa nao wajipime kwa mambo yale manne.

Neno kwa kila mmoja

Kwa akina baba: kabla ya kwenda popote, iwe kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya mkate, keti na mama wa watoto wako mezani mseme. Weka siku ya kurudi. Acha cha kula. Na ikiwa umekwisha kwenda ukanyamaza, tuma neno leo. Usingoje mpaka mkono ujae. Watoto wako hawaulizi kwanza umeleta nini. Wanauliza kama u hai.

Kwa akina mama mliobaki: ninyi hamkuachwa na Mungu. Dorothea yuko upande wenu. Msione haya kuiambia jumuiya yenu ya parokia shida zenu. Na jumuiya isingoje kuambiwa. Wala msiwajaze watoto uchungu juu ya baba yao, maana uchungu huo wataula wao maisha yote.

Kwa wanafunzi: msimhukumu mzazi kwa maneno ya mtaani. Neno "mtoro" ni jepesi mdomoni mwa asiyeulizwa karo.

Wiki iliyofuata tulimwita yule kijana baada ya masomo. Tukamwambia kwamba tulimjibu vibaya. Tukamweleza kwamba Niklaus haitwi mtakatifu kwa sababu aliwaacha watoto wake, bali kwa sababu, hata alipokwenda, hakuwatupa. Na kwamba baba yake hajawa mtoro mpaka mwisho, maana mlango wa nyumba haujafungwa. Tulimwambia pia ukweli ulio mzito: kwamba kunyamaza kwa baba yake ni kosa, na si kosa lake yeye wala la mama yake.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama twaweza kumsaidia kuandika barua. Wako madereva wa malori wapitao Luisha na Likasi kila siku, nao hubeba habari za watu. Tukatoa karatasi. Aliandika mistari mitano tu. Hakuomba fedha. Aliandika kwamba mama ni mzima, kwamba mdogo wake ameanza kusoma, na kwamba nyumba ni ile ile.

Hatujui bado kama barua imefika. Lakini twawaomba, ninyi mnaosoma makala haya, mkipita machimboni mkamkuta baba aliyekaa peke yake jioni penye moto, mwulizeni taratibu: "Mzee, nyumbani wanajua uko hapa?"