Mwanajiolojia, mafundi wa Maragha na mabinti zetu wa Kilakala

Mkazi wa Kilakala, katika Manispaa ya Morogoro, hahitaji kuulizia mlima uliko. Safu ya Uluguru imesimama nyuma ya mitaa yake, na mawe yake yalipikwa na kubanwa ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Humo mna ulanga, ule unaobanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za kitabu, ambao ulichimbwa tangu enzi za ukoloni. Upande wa Matombo kuna yakuti. Tunaishi chini ya hazina ya elimu, lakini ni nadra kumsikia mzazi akitamani binti yake awe mwanajiolojia. Kazi hiyo tunaiona ni ya wanaume wenye sururu, na hisabati inayoitangulia tunaiona ni mzigo wa shule usiohusiana na dini.

Wiki hii tunawaomba wazazi walitazame upya jambo hilo, kupitia habari ya mwanajiolojia mmoja na ukuta wa kaburi moja la Waislamu.

Emil Makovicky alikuwa profesa wa elimu ya madini wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark. Somo lake ni fuwele, yaani namna chembe ndogo mno za jiwe zinavyojipanga kwa mpangilio maalumu. Mwaka 1992 alichapisha utafiti ambao haukuhusu jiwe, bali nakshi za Gunbad-i Kabud, mnara wa kaburi uliojengwa mjini Maragha, kaskazini magharibi mwa Iran, mwaka 593 Hijria, sawa na 1197 Miladia. Katika nakshi hizo alitambua mpangilio wa pembe tano na pembe kumi unaokaribiana sana na ule ambao mwanahisabati Mwingereza, Roger Penrose, aliubuni katika miaka ya 1970.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, mzazi na amwite mwanawe, wachukue karatasi na mkasi. Wakate pembetatu zenye pande sawa, kisha wazipange mezani bila kuacha nafasi. Zitakaa, kwa kuwa kila pembe ina nyuzi 60, na pembe sita zikikutana hutimia nyuzi 360. Miraba nayo itakaa, nne zikikutana kwa nyuzi 90. Pembesita zitakaa pia, tatu zikikutana kwa nyuzi 120, kama nyuki afanyavyo katika sega. Sasa wakate pembetano. Kila pembe yake ina nyuzi 108. Tatu zikikutana hutoa nyuzi 324 na kuacha ufa wa nyuzi 36; ya nne haina pa kuingia. Pembetano peke yake haijazi sakafu.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa fuwele walishikilia kwa muda mrefu kwamba mpangilio wa namna ya tano hauwezekani ndani ya jiwe wala chuma. Mwaka 1982 mwanasayansi Dan Shechtman aliuona katika mchanganyiko wa alumini na manganizi. Wengi walimkejeli, mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Luca Bindi wa Florence, Italia, na Paul Steinhardt wa Princeton, Marekani, walitangaza kuwa wameupata mpangilio huo katika punje ya jiwe la asili kutoka mashariki ya mbali ya Urusi. Baadaye ilibainika kuwa jiwe hilo ni kimondo. Steinhardt huyo huyo, pamoja na Peter Lu, alikuwa amechapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu nakshi za Darb-i Imam, Isfahan, za mwaka 1453. Jiolojia, hisabati na nakshi za Kiislamu zilikutana mezani pamoja.

Hapa panatakiwa insafu. Si haki kutangaza mimbarini kwamba mafundi wa Maragha waligundua fuwele hizo. Hawakuziona wala hawakuzitafuta. Wapo pia wataalamu wanaopinga kwamba mafundi wale waliijua kanuni ya Penrose, wakisema kufanana kwa umbo si ushahidi wa kufanana kwa nadharia. Dini yetu haihitaji sifa za kuazima.

Lililo hakika linatosha. Mafundi wale walikuwa na rula, bikari na elimu. Abul Wafa al-Buzjani, mwanahisabati wa Baghdad aliyefariki mwaka 998, aliandika kitabu kizima cha jiometri kwa ajili ya mafundi. Humo anaeleza vikao vya wanahisabati na mafundi, wakijadili, kwa mfano, namna ya kukata miraba mitatu iliyo sawa ili kuunda mraba mmoja. Anaonyesha kwamba baadhi ya njia za mafundi ziliridhisha macho lakini hazikusimama mbele ya hoja. Mwanazuoni hakumdharau fundi, na fundi hakuona haya kusahihishwa.

Pwani yetu nayo haikuwa kando. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la mwanzoni mwa karne ya 14, ina bwawa la pembe nane. Kila pembe ya umbo kama hilo, pande zake zikiwa sawa, ni nyuzi 135. Umbo hilo halipatikani kwa kubahatisha. Lazima mtu apime.

Turudi kwenye ukuta wa Maragha. Haukufichwa. Ulisimama wazi kwa karibu miaka 800, na Waislamu wasiohesabika wakapita mbele yake, wakausifu na kwenda zao. Mwanajiolojia kutoka Copenhagen aliona alichokiona kwa kuwa macho yake yalikwisha kufunzwa na fuwele. Tusimwonee wivu, tujiulize ni nani tunayemfunza macho nyumbani kwetu.

Suratu Fatir, aya ya 27, inataja michirizi ya milima, myeupe, myekundu na myeusi sana. Aya inayofuata ndiyo inayowataja wenye elimu kuwa ndio wamchao Mwenyezi Mungu. Mlima na elimu vimewekwa jirani katika Kitabu chetu. Vipi basi tuvitenganishe katika malezi?

Kilakala ina shule ya sekondari ya wasichana iliyo maarufu kwa kufaulisha. Mabinti wanaosoma chini ya mlima ule wanathibitisha kila mwaka kwamba hisabati haichagui jinsia. Lakini wapo mabinti wenzao, katika nyumba zetu wenyewe, ambao hufika wakati wa kuchagua tahasusi wakaambiwa waachane na PCM au PGM, kwa kuwa masomo hayo hayamfai mtoto wa kike wa Kiislamu. Anayesema hivyo hamlindi binti. Anamfungia mlango uliofunguliwa na wazee wake.

Ushauri wetu ni mdogo na gharama yake si kubwa. Kila nyumba iwe na bikari na rula vinavyotumika, visivyosubiri mtihani. Walimu wa madrasa watenge saa moja kwa wiki, watoto wachore nyota ya pembe nane na kueleza kwa nini inakaa. Mzazi aliye Morogoro ampeleke mwanawe kandokando ya mto, waokote jiwe, waulize limeumbwaje. Na binti akisema anataka kusomea mawe, aulizwe swali moja tu: utahitaji vitabu gani?

Wabillahi tawfiq.