Je, wajua? Reli iliyofika Uganda bila kuvuka ziwa

Mnamo Desemba 1901, reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria, pale Kisumu. Kituo hicho kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Na wanaouliza kwa nini iliitwa Reli ya Uganda ilhali iliishia Kenya, jibu ni hili: wakati huo Kisumu ilikuwa Uganda! Mkoa mzima wa mashariki ulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902.

Kipande kitamu zaidi cha safari ya reli hiyo ni kuteremka kutoka Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, mita 1,134. Baridi ya Londiani hubaki nyuma. Kisha huja Kipkelion, halafu Fort Ternan, ambako Louis Leakey na wenzake walichimbua visukuku vya Kenyapithecus, sokwe wa kale aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Hapo msafiri asisinzie. Kuanzia Muhoroni ni miwa tupu: Chemelil, Miwani, Kibos, na joto la Nyanza limeshaingia dirishani.