Stika Mpya Kiooni, Tairodi Mbovu Chini ya Gari

Gari la madrasa yetu, Hiace iliyonunuliwa kwa michango ya waumini, lilipata stika ya ukaguzi asubuhi moja hapa Babati kabla ya saa nne. Nilikuwepo, kwa kuwa katibu wa kamati ya msikiti ndiye mtunzaji wa kadi ya gari na karatasi za bima. Askari aliyekagua alikuwa muungwana. Alilizunguka gari, akamtaka dereva awashe taa kubwa, indiketa na taa za breki, akasikiliza honi, akaomba kuuona mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu za kuakisi mwanga. Akaona ufa katika kioo cha pembeni, upande wa kushoto, akatutuma dukani tukanunue kingine. Tulipokwisha kukifunga, stika ikabandikwa. Ukiondoa safari ya dukani, shughuli yote haikufika robo saa.

Siku ya nane baada ya hapo dereva alilalamika kuwa usukani unavuta upande. Fundi wetu wa Maisaka alilipiga gari jeki, akalishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akaingia uvunguni, akatoka akijifuta grisi.

“Katibu, tairodi imekwisha,” akaniambia. “Hapa palikuwa panangojewa kona tu.”

Kwa asiyejua mambo ya gereji, tairodi ni kiungo kinachounganisha usukani na gurudumu. Kikichomoka gari likiwa mwendoni, dereva anabaki na usukani mikononi huku gurudumu likielekea linakotaka. Gari hilo ndilo lililokuwa likiwaleta watoto kutoka Bonga, kwa barabara ya Dodoma, wanakopishana na malori na mabasi ya masafa marefu. Na tangu barabara hiyo ya Dodoma, Kondoa hadi Babati ikamilike kwa lami mwaka 2018, mwendo wa magari si ule wa enzi za vumbi.

Kamati ilikutana usiku huo baada ya Isha. Nilidhani kikao kitakuwa kifupi. Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu kwa mengi, alisema kwamba serikali imekwisha kulikagua gari na kulipitisha, na sisi si wajuzi kuliko serikali. Liendelee na kazi mpaka kipuri kitakapopatikana, na kwa yaliyobaki tumtegemee Mwenyezi Mungu. Ustadhi mkuu wa madrasa akamkumbusha, kwa adabu, habari ya yule bedui na ngamia wake. Mzee akacheka, lakini hakuiacha hoja yake. Na kwa kweli hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kama stika haimaanishi kuwa gari ni zima, basi inamaanisha nini?

Swali hilo limenisumbua tangu siku ile. Nimejaribu kufuatilia ni lini hasa, katika maisha ya gari la Tanzania, mtu mwenye mamlaka hulitazama kwa undani.

Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko mwenye gari jipya hupewa miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila miaka miwili ni lazima alipeleke likapimwe kwa ajili ya cheti wanachokiita shaken. Upimaji huo pamoja na kodi zinazoambatana nao ni ghali, na hiyo ni moja ya sababu za Wajapani kuyauza magari ambayo kwetu tunayaona bado mapya. Yaani gari linaloukimbia ukaguzi kwao huja kustarehe kwetu. Likiingia nchini hukutana na kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu Aprili 2021 lilianza kuyakagua magari hayo yanapofika Dar es Salaam badala ya kutegemea ukaguzi uliofanywa na mawakala ng’ambo. Kenya wao wamekataza kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa. Sisi hatukukataza, bali tumeliongezea ushuru gari la zamani. Mwenye fedha hulipa, na ukongwe wa gari ukawa umetakasika.

Baada ya hapo gari la mtu binafsi laweza kutembea miaka mingi bila kupandishwa juu ya mtambo wowote wa kupimia breki. Zamani kulikuwa na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, iliyofutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Ada ile haikuwa ukaguzi, na hakuna aliyeililia, nami sikuililia. Lakini ilikuwa ndiyo siku moja katika mwaka ambayo kila gari lilikuwa na miadi na dola. Siku ile ingeweza kugeuzwa kuwa siku ya kupimwa. Kilichobaki ni Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani na stika zake, pamoja na macho ya trafiki njiani. Uwanjani tulikokaguliwa hapakuwa na shimo la kumwezesha mkaguzi kuingia chini ya gari. Alikagua kile ambacho mtu aliyesimama wima anaweza kukiona, na kioo cha pembeni ni miongoni mwa hivyo. Tairodi si miongoni mwavyo. Simlaumu. Nani angelala chini kwenye vumbi mara arobaini kwa siku moja?

Mitambo si kitu kisichojulikana nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam, kina kituo cha kukagulia magari. Babati, ambako barabara za Arusha, Singida na Dodoma zinakutana, tunategemea macho.

Lipo pia suala la aina ya gari. Magari ya biashara yako chini ya LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na yana masharti yake ya leseni na ukaguzi. Je, gari la madrasa ni la biashara? Wazazi wanachangia mafuta kila mwezi, wasio nacho hawatoi, na upungufu hufidiwa na sanduku la Ijumaa. Nilikwenda kuuliza katika ofisi moja, nikaambiwa kwamba palipo na malipo pana biashara, nikate leseni. Katika ofisi ya pili nikaambiwa hilo ni gari binafsi la taasisi, nisijisumbue. Wote wawili walinijibu kwa uhakika uleule. Niliomba jibu la maandishi kote kuwili, na mpaka leo sijalipata.

Sheria nazo zina mianya yake. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Mkanda ilimlazimisha dereva na abiria wa kiti cha mbele. Wa nyuma hakutajwa, wala kiti maalumu cha mtoto mchanga, ingawa asasi za usalama barabarani zimeomba marekebisho kwa miaka mingi. Kenya, tangu Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la waziri John Michuki zilitaka mkanda katika kila kiti cha matatu pamoja na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kwetu mama aliyempakata mtoto kiti cha nyuma hakuvunja sheria ile, na dereva aliyesahau mkanda wake akiwa peke yake anatozwa shilingi 30,000. Na kileo: sheria haimshiki dereva mpaka damu yake ipite miligramu 80 katika mililita 100. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa maoni yangu juu ya kiwango hicho.

Kisha kuna vibao vya 50. Dereva yeyote wa barabara ya Arusha anavijua vijiji ambavyo kibao cha kuanza kilomita 50 kinaonekana vizuri, lakini cha kumalizia hakipo, ama kiling’olewa ama hakikuwekwa. Nyumba zimekwisha, mashamba yameanza, dereva anaongeza mwendo, na mwenye tochi anatoka nyuma ya mti. Nami nimewahi kulipa. Kwa haki, nilikuwa nakimbia.

Sitaki haya yasomeke kama lawama kwa askari peke yao, kwa sababu kosa kubwa zaidi katika kisa cha Hiace ile lilikuwa letu. Ina viti 15. Watoto waliokuwa wakiipanda asubuhi ya Jumamosi walikuwa 23. Hesabu yetu ilikuwa ileile ya kila mtu: watoto ni wadogo, wawili kiti kimoja. Tuliisema bila haya, ilhali sote tunaikumbuka Mei 6, 2017, pale Rhotia wilayani Karatu, basi dogo la wanafunzi lilipotumbukia korongoni, wakafariki wanafunzi zaidi ya 30 pamoja na walimu wao na dereva. Magari ya shule yalikaguliwa nchi nzima baada ya siku ile. Tuliosoma fiqhi chuoni tulifundishwa kutofautisha sura ya jambo na lengo lake, lakini tulipohesabu watoto somo hilo tuliliacha mlangoni.

Usiku ule kamati iliamua kwa kura moja ya ziada kwamba gari lisimame. Niliipiga kura hiyo na nikalala usingizi mwema. Kipuri kilikuwa kimeagizwa Arusha, kikachelewa, na wikendi mbili zikapita.

Watoto hawakukaa nyumbani. Wazazi waliwapandisha bodaboda, mshikaki wa watatu na wanne nyuma ya dereva mmoja, bila kofia hata moja, kwenye barabara ileile ya malori. Jumapili ya pili mvulana wa miaka minane alichomwa na ekzosi ndama ya mguu. Ngozi ilibabuka kwa upana wa kiganja. Nilikwenda kumjulia hali, mama yake akanikaribisha, akanipa chai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: “Katibu, gari mmeliweka salama. Na watoto je?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelitazama gari kama mkaguzi yule alivyolitazama: lina kasoro au halina. Sikuuliza litakaposimama watoto watapanda nini. Tungeweza kukodi Coaster kwa wikendi mbili. Fedha zilikuwapo, tuliziweka kwa ajili ya kapeti.

Gari limerudi kazini. Tairodi zote mbili ni mpya, na matairi ya mbele pia, kwa fedha za kapeti. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi fundi analipiga jeki mbele yangu, anatikisa magurudumu, anatazama breki na mipira yake, kisha anaandika katika daftari na kutia sahihi. Anadai shilingi elfu kumi na hataki kuitwa mfadhili. Watoto ni 15 kwa safari moja, na kila mmoja ana kiti chake. Kwa hiyo safari ni mbili. Wa Bonga wanafika saa mbili na nusu, wa Sigino karibu na saa tatu na robo, na ustadhi amelalamika kwamba darasa la kwanza linavurugika. Amehamishia somo la tajwidi mwisho.

Mzee wetu bado anasema tunapoteza mafuta. Yule mvulana amepona, kovu limebaki. Mama yake amemruhusu kurudi madrasa, lakini kwa wiki tatu za mwanzo alimsindikiza mwenyewe hadi mlango wa gari, akahesabu vichwa, ndipo akamwambia dereva aondoke.